Jumuiya ikigeuka kikao cha michango

Katika jumuiya ndogo ndogo nyingi za Kikristo, yaani vikundi vya Wakatoliki majirani wanaokutana kusali, Injili husomwa harakaharaka, kisha daftari linafunguliwa: ujenzi, zawadi ya paroko, rambirambi. Halafu tunashangaa wanaume hawaji, na vijana huonekana tu wanapotaka barua ya kufunga ndoa.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, hawakuwa wakitafuta matawi ya kukusanyia fedha.

Hatua saba za kushirikishana Injili zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, bado zinafaa: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, ukimya, kushirikishana, kutafuta la kufanya, sala. Saa moja inatosha, kwa watu 8 hadi 15. Mkizidi 20 gawanyikeni, la sivyo watasema walewale watatu kila wiki.

Someni Injili ya Dominika inayofuata. Katika hatua ya tatu mtu anatamka neno au kifungu kifupi mara tatu, taratibu, bila maelezo yoyote. Ukimya upimwe kwa saa, dakika tatu kamili. Mwongozaji asiyetazama saa huukatisha mapema, akidhani watu wamechoka. Wakati wa kushirikishana, msemaji aseme "limenigusa". Akianza na "inatupasa", hayo ni mahubiri, na wengine watanyamaza.

Panapoharibika zaidi ni hatua ya sita. "Tuwatembelee wagonjwa" si uamuzi; wote wataitikia na hakuna atakayekwenda. Uamuzi unataja nani anakwenda, kwa nani, siku gani: Mama Neema na Baba Yosefu, kwa bibi wa nyumba ya kona, Jumanne jioni, kumpeleka zahanati. Wawe wawili, maana mmoja akipata dharura mwingine anakwenda. Jukumu hilo liandikwe kwenye daftari lilelile la mahudhurio (mengi yana majina na tiki tu), na wiki inayofuata waliotumwa watoe taarifa kabla ya kupanga jipya. Kama halikufanyika, ulizeni lilikwama wapi. Mara nyingi ni nauli, au jukumu lilikuwa kubwa kuliko watu wenyewe.

Michango isubiri sala ya mwisho. Asome mhazini, dakika kumi, na anayetaka kuondoka aondoke. Mwongozaji abadilike kila wiki, apewe somo siku tatu kabla. Mwenyekiti akiongoza mwaka mzima, jumuiya hukwama siku anayosafiri.