Ni Unga Tu

"Ni unga tu, mkuu, si saruji."

Jumatatu alinijibu hivyo yule kijana wetu wa mashine ya kukandia pale bekari, mnamjua, huku akikung'uta gunia tupu kama anayekung'uta mkeka. Nikamwambia, "Basi vaa barakoa," nikaenda zangu. Ukaguzi tumepita, tanuri jipya limewashwa, Baba ametoka hospitali. Mimi bado nimeganda kwenye "ni unga tu".

Ningemjibu kwamba ngano ina protini, na viboreshaji vya unga mara nyingi huwa na alfa-amilesi, kimeng'enya kinachotokana na kuvu. Mwili huvivumilia miezi, pengine miaka, halafu siku moja unavikataa. Ukishavikataa, vumbi kidogo tu linatosha kubana kifua. Ramazzini, daktari wa Italia, alishaandika habari za vifua vya waokaji mwaka 1700!

Ila linaloniuma zaidi ni jibu langu mwenyewe. Barakoa ni kinga ya mwisho. Ile nyembamba ya hospitali inavuja pembeni, na hata FFP2, ile nzito ya kuchuja vumbi, haishiki juu ya ndevu, naye ndevu anazo. Kazi inaanzia kwenye gunia: lishushe hadi ndani ya bakuli la mashine, ndipo ulikate, unga uteleze taratibu badala ya kuanguka kutoka juu. Funika. Kanda kwa mwendo wa polepole mpaka unga wote ulowe. Gunia tupu liviringishe polepole. Ukilibana, linakutemea vumbi usoni. Sakafuni pitisha mashine ya kunyonya vumbi laini. Ufagio mkavu unalirudisha hewani, na hewa ya kompresa ni balaa.

Nimeandika hadi hapa kwa hasira, kisha nikakumbuka alichoongeza nikiwa nimeshampa mgongo: "Hata haya mafua huniacha Jumapili tu."

Jumapili tu! Siku asiyoingia kazini. Na pua mara nyingi hutangulia kifua. Kesho nimuulize kama anakohoa usiku, maana kifua kinaweza kubana saa kadhaa baada ya zamu. Kisha amwone daktari kabla sijamhamisha idara, kwa sababu akihamishwa kwanza, ushahidi kwamba chanzo ni kazi unafifia. Apewe kipimo cha kupuliza, kile kinachoonyesha nguvu ya pumzi, apulize mara 4 kwa siku kwa wiki 4, akiandika saa na siku za mapumziko pia.

Hivi fomu ya shule ya kitinda mimba, mwisho ni kesho au keshokutwa?