Kindi anafuata udongo mpya: kulinda matuta na vyungu bila sumu

Ukipanda mchicha au sukuma wiki kwenye vyungu huko Marekani au Uingereza, kuna asubuhi utakuta vishimo vya kina cha vidole viwili, na miche imelala pembeni na mizizi yake. Majani hayajaguswa. Wengi hapo hukimbilia dawa ya kupulizia majani, lakini kindi wa kijivu alikuja kwa ajili ya udongo uliotifuliwa. Yeye huzika njugu moja moja, kila moja na shimo lake, na udongo laini humrahisishia kuzika na kufukua. Ndiyo maana uharibifu huzidi Septemba hadi Novemba, anapoweka akiba ya majira ya baridi, na hurudi watu wanapopanda wakati wa machipuko.

Kwa hiyo funika udongo siku ile ile unayopanda. Kesho umechelewa.

Tumia wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu ya nusu inchi (milimita 13). Wavu wa plastiki anautafuna. Kwa chungu, kata duara lililo dogo kidogo kuliko mdomo wake, lipasue kutoka ukingoni hadi katikati, kisha kata tundu la shina: sentimita 3 kwa mche wa mboga, 5 au zaidi kwa nyanya na bilinganya, maana shina litanenepa na waya utalikaba. Lilaze juu ya udongo, funga mpasuko kwa kipande cha waya, na kaza kwa vigingi vitatu vya waya mnene uliokunjwa. Ukitandaza kokoto juu yake, wavu hauonekani na maji yanapita vizuri. Vaa glovu, kingo zake zinachana vidole.

Kwenye tuta la mbegu, usiulaze wavu chini. Miche hupenya kwenye matundu, na siku ya kuuondoa unaing'oa yote. Ukunje uwe tao la sentimita 20 kwenda juu, uzibe ncha zote mbili, na uzike kingo sentimita 5 ardhini. Mahindi na maharage yahitaji uvumilivu zaidi: kindi huung'oa mche mchanga ili ale mbegu iliyobaki chini yake. Acha tao mpaka miche iguse wavu, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu.

Vitunguu vya maua, yaani matunguu yanayofanana na kitunguu ambayo maua huota kutoka kwayo, ni kisa kingine. Tulipu na krokasi anazipenda sana. Dafodili zina sumu, hivyo huziacha. Kwa tulipu, tandaza waya wa kuku wa matundu ya inchi 1 juu ya vitunguu, kama sentimita 5 chini ya uso wa udongo. Matundu ya nusu inchi hapa hubana chipukizi. Okota maganda makavu yote yaliyoanguka, kwa sababu harufu yake humwonyesha mahali pa kuchimba.

Pilipili inasaidia, ila ni msaidizi tu. Chemsha vijiko vikubwa viwili vya pilipili kali ya unga kwenye lita 2 za maji kwa dakika 15, ipoe, chuja kwa kitambaa, tia matone machache ya sabuni ya maji, kisha pulizia jioni. Mvua ikinyesha, rudia. Jaribu kwanza kwenye majani machache, na osha mboga vizuri kabla ya kupika. Unga mkavu usiumwage juu ya udongo: upepo huupeleka machoni mwa watoto na paka. Naftalini (vidonge vya kufukuza nondo kabatini) nayo iache kabisa, ni sumu inayobaki kwenye udongo unaokulisha.

Nyanya zilizong'atwa mara moja na kuachwa mara nyingi ni dalili ya kiu. Wakati wa ukame weka bakuli la maji mbali na bustani, na uvune nyanya zikianza tu kubadilika rangi. Zitaiva ndani ya nyumba.

Kama jirani au wewe mwenyewe unalisha ndege, fagia mbegu za alizeti zinazodondoka kila jioni, na sogeza kilishio mbali na matuta. Kikibaki karibu, kindi atakuwa hapo kila siku, na sehemu yoyote uliyosahau kuifunika ataipata.