Wakili aliyesimama juu ya gari la mizigo

Katika mawakili wote wa Marekani ya Magharibi niliowasoma, simwachi Wilbur Fisk Sanders. Alifika Bannack, mji wa machimbo ya dhahabu katika Montana ya leo, mwaka 1863 pamoja na mjomba wake, Sidney Edgerton, aliyekuja kuwa gavana wa kwanza wa Eneo la Montana, kabla halijawa jimbo.

Desemba ya mwaka huohuo, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nevada City, nayo katika Montana ya leo, George Ives alishtakiwa kwa kumuua kijana Nicholas Tbalt. Kesi iliendeshwa nje, kwenye baridi kali, wachimbaji wakiwa wameuzunguka moto. Marafiki wa Ives walikuwepo, na bunduki zao. Sanders, hata miaka 30 hajatimiza, ndiye aliyeendesha mashtaka. Ives alipopatikana na hatia, Sanders, amesimama juu ya gari la mizigo la kukokotwa, alitoa hoja anyongwe papo hapo. Nikimfikiria akitamka maneno yale mbele ya umati ule, mwili unanisisimka.

Yaliyofuata yananiuma. Kundi la walinzi wa kujitolea alilosaidia kuliunda liliwanyonga watu zaidi ya 20 bila mahakama yoyote. Siwezi kumtetea hapo.

Kwenye siasa aligombea ujumbe wa Bunge la Marekani mara kadhaa, akabwagwa kila mara, ingawa bunge la Eneo la Montana aliingia. Montana ilipopata hadhi ya jimbo, akawa seneta, 1890 hadi 1893.

Mimi namheshimu zaidi kwa kazi ya uzeeni: Wachina wa mji wa Butte, Montana, waliposusiwa biashara zao, yeye ndiye aliyewasimamia mahakamani, na wakashinda.