Kijito cha Mödlareuth

Jumapili iliyopita teksi imenikamua euro 48, kutoka Hof, mji wa Ujerumani ninakoishi, hadi Mödlareuth, kijiji chenye watu kama hamsini tu. Kwa hela hiyo bodaboda wa Horohoro angenizungusha wiki nzima. Basi la Jumapili hakuna, na leseni yangu ya Tanzania ilikoma kutumika hapa miezi sita baada ya kuhamia. Wewe unayejaza fomu za kuja Ujerumani kusomea uuguzi, lijue hilo mapema. Ukipangiwa kazi vijijini bila leseni yao, umefungwa miguu, na shule ya udereva itakula mishahara yako.

Hasira ilinishuka nilipofika kwenye kijito. Kinaitwa Tannbach, na mtoto wa darasa la tatu anakiruka. Mwaka 1810 yalisimikwa mawe ya mpaka hapo: huku ufalme wa Bavaria, kule milki ndogo ya Reuß. Wanakijiji hawakushughulika nayo. Watoto wa pande zote walisoma shule moja upande wa Reuß, na kanisani walikwenda Töpen, upande wa Bavaria. Kisha Vita ya Pili ya Dunia ikaisha, na kufikia 1949 kila ukingo una nchi yake: huku Ujerumani Magharibi, kule Ujerumani Mashariki. Mwaka 1952 upande wa mashariki ukawekewa ua wa mbao mpakani, familia nyingine zikahamishwa kwa nguvu. Mwaka 1966 ukaja ukuta wa zege, mita 700, kimo mita 3.3. Wamarekani wakakiita kijiji hiki Berlin Ndogo, maana Berlin nayo ilikatwa na ukuta.

Lililonikaa rohoni ni hili: wa magharibi aliweza kupunga mkono, wa mashariki akimrudishia, kosa. Ndugu kwa ndugu!

Mimi ni Mdigo. Mpaka wetu na Kenya waliuchora Wajerumani hawa hawa na Waingereza mwaka 1886, bila kumuuliza mtu wa mto Umba. Bibi yangu ana dada yake Lunga Lunga, upande wa Kenya. Wakipata msiba kule anajitanda kanga na kuondoka, akirudi ana habari za ukoo mzima. Askari wapo, na mwenye gunia la mchele atasumbuliwa, lakini hakuna aliyewahi kumkataza bibi kumsalimia dada yake. Nilisimama kando ya kile kijito nikajivunia watu wangu, na sioni haya kusema.

Wakati wa kurudi mzee mmoja aliniona kituoni nikisubiri basi lisilokuja, akasimamisha gari. Shangazi yake aliishi ng'ambo. Anasema walikuwa wakisikia jogoo wake akiwika, yeye mwenyewe wasimwone. Tarehe 9 Desemba 1989 kikafunguliwa kivuko cha waenda kwa miguu, na Juni 1990 katapila likaubomoa ukuta, kikaachwa kipande cha makumbusho. Mpaka leo ng'ambo ni jimbo la Thuringia, chini ya mji wa Gefell, huku ni Bavaria. Namba za posta mbili, mameya wawili. Hata salamu: hawa "Grüß Gott", wale "Guten Tag".

Nami nikamsimulia habari za bibi. Alinyamaza kilomita kadhaa. Tulipofika Hof nikatoa hela ya mafuta, akaukunja mkono wangu na noti yangu ndani. Akasema mwezi ujao tutakwenda tena, nije na picha ya hao dada wawili wakiwa pamoja. Nimeshampigia mama, Jumamosi wanapigwa picha Lunga Lunga.