Nilivyopata Nyuzi za Kushusha Gitaa Langu Hadi C

Kila anayejua kushika gitaa hapa Tanga ana ushauri wake kuhusu nyuzi, na mwingi kati ya ule niliopewa ulinila fedha bila kunisogeza popote. Nauandika uzoefu huu kwa ajili ya wapigaji ambao bendi zao zimeteremsha nyimbo, na ambao wanaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba kazi yote ni kulegeza vigingi.

Bendi yetu hupiga taarabu na dansi harusini, na mwimbaji wetu mkuu ni mama wa makamo ambaye sauti yake imezidi utamu kadiri ilivyoshuka. Alipotuambia, "Wanangu, mimi kule juu sipandi tena, teremkeni nyinyi," hakuna aliyebisha. Mpiga kinanda alibonyeza kitufe, akashuka toni mbili, akarudi kwenye kahawa yake. Mimi napiga solo, na katika mji uliotoa Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na taarabu ya magitaa ya Black Star na Lucky Star, mgeni wa harusi anajua solo inavyotakiwa kulia. Solo zangu nyingi hutegemea nyuzi zinazolia wazi bila kukandamizwa, hivyo kuhamisha vidole kungeziua, na kapo, kile kibanio cha shingoni, hupandisha tu, haishushi. Ilibidi gitaa lenyewe lishuke kutoka E hadi C, yaani uzi mnene kabisa unaolia noti ya E ulie C, na nyuzi nyingine zishuke kwa kiasi hichohicho.

Mzee mmoja aliyewahi kupiga rizimu aliniambia nilegeze tu, kwa sababu wao zamani walilegeza. Kwa kumheshimu nililegeza seti yangu ya 10–46, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa sehemu kumi kati ya elfu za inchi na mnene kabisa una sehemu arobaini na sita. Uzi wa sita ukawa unapigapiga shingo badala ya kulia. Nikiupiga kwa nguvu sauti yake ilipanda kwanza kisha ikashuka, na kila kodi (noti kadhaa kwa pamoja) niliyoikandamiza ilikwenda juu kuliko kinanda. Sababu yake ni ya kimaumbile, wala mkono wangu haukuwa na hatia. Mvutano wa uzi hufuata mraba wa kasi ya mtikisiko, kwa hiyo ukishuka toni mbili kwa uzi uleule unapoteza takriban asilimia 37 ya mvutano. Seti ile kwenye gitaa refu la inchi 25.5 huvuta kwa jumla ya kilo 47 hivi, na ikishushwa hadi C hubaki na kama 30.

Vijana nao walikuwa na mifano yao. Mmoja alinitajia Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, ambaye alishuka sana na bado akatumia nyuzi nyembamba. Ni kweli, lakini yule bwana alipoteza ncha za vidole viwili kwenye ajali ya kiwandani huko Birmingham, hivyo ulaini wa nyuzi alikuwa na haja nao. Mwingine alinitajia Stevie Ray Vaughan, mpiga bluzi wa Marekani, aliyefunga nyuzi za 13 na kushuka nusu toni tu. Nikimfuata wa kwanza nacheza na kamba ya nguo, nikimfuata wa pili navunjika vidole kabla bwana harusi hajaingia ukumbini.

Ushauri ulioniudhi kuliko yote ulitoka kwa muuza duka mmoja, ambaye sitamtaja. Nilimweleza shida yangu kwa utulivu, akanikatiza, akatoa seti ya 13–56 na kuniapia kwamba hakuna nene kuliko hiyo mji mzima. Zilikuwa na rangi nzuri ya dhahabu, nami nikamuuliza kama ni za gitaa la umeme. Akajibu kwamba uzi ni uzi. Nilizifunga jioni ileile, na bila spika zililia vizuri mno, nzito na zilizonyooka, hata jirani akachungulia. Kwenye mazoezi, nilipochomeka gitaa kwenye amplifaya, nyuzi mbili nyembamba zilipiga kelele kama mnada wa samaki, na zile nne nene zikanong'ona. Niliongeza sauti, zile nyembamba zikatoboa masikio. Nikapunguza, nikabaki na solo isiyo na miguu. Mpiga besi alicheka hadi akaketi. Zilikuwa nyuzi za gitaa kavu, lisilo la umeme, ambazo zile nene huzungushiwa waya wa aloi ya shaba, na pikapu ya gitaa la umeme, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, ni sumaku isiyoijali shaba: inasikia kiini cha chuma kilichomo ndani tu. Kwa umeme funga nyuzi za chuma au zilizozungushiwa nikeli, na muuzaji akikwambia uzi ni uzi, ondoka.

Baada ya hapo niliacha kuuliza nikachukua kikokotoo. Ukitaka mvutano ubaki uleule, unene uongezeke kwa takriban asilimia 6 kwa kila nusu toni unayoshuka. Anayeshuka hadi D, 10 yake iwe 11 na 46 yake iwe 52. Anayeshuka hadi C, anahitaji kama 12.6 na 58. Anayeshusha uzi wa sita peke yake hadi D asibadili seti nzima, atafute 10–52 tu. Mwenye gitaa fupi la inchi 24.75 aongeze unene kidogo zaidi, kwa sababu urefu mdogo nao hulegeza.

Sasa hila ninayojivunia. Niliagiza Dar es Salaam seti ya gitaa la nyuzi saba, 10–59, kwa bei isiyofika mara mbili ya seti ya kawaida. Uzi wa kwanza niliuweka kando, na sita zilizobaki nikazifunga kwenye gitaa langu. Zimetengenezwa kulia B, E, A, D, G, B; zote nikazipandisha nusu toni, isipokuwa ule wa G ambao nimeuacha palepale, na gitaa likawa C, F, B bemoli, E bemoli, G, C, yaani mpangilio wetu uleule ulioshuka toni mbili. Mpiga kinanda alidai nimebahatisha, nikamwonyesha hesabu.

Uzi wa tatu sasa umezungushiwa waya na haupindiki kirahisi, jambo ambalo taarabu haidai sana. Anayependa kupinda nyuzi afunge wa 22 usiozungushiwa. Mifereji iliyo kichwani mwa shingo niliipanua kwa kipande cha uzi mkuukuu kilichoviringishiwa msasa laini, kidogo kidogo, maana mfereji ukizama kupita kiasi haurudi, kisha nikaipaka unga wa penseli. Mvutano wa jumla ulizidi kidogo ule wa awali, hivyo daraja langu la kuelea, linalovutwa na springi upande wa pili wa nyuzi, lilitaka springi moja zaidi. Kwa chumvi ya hewa yetu futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, kwa sababu seti hizi hazipatikani dukani mwetu. Uzi wa 10 unaobaki kila ninapobadili seti nampa kijana wa bendi jirani, ambaye hukata uzi wa kwanza karibu kila harusi na bado anaamini mzee alisema kweli.