Mradi wa mgebuka wa ndoano: wiki ya saba

Chanzo cha haya yote ni video za kwenye simu. Wazungu wamesimama kwenye kamto, baridi mpaka wamevaa makoti, mtu anarusha mshipi wenye ndoano iliyofungwa manyoya kama inzi, anatoa trauti mmoja, anamkaanga palepale na siagi afu anakuambia hicho ndo chakula kisichomaliza mazingira. Nikawaza aisee, mimi nakaa Mwanga hapa Kigoma mjini, boda dakika chache niko ziwani, na bado samaki nanunua sokoni na bei imechangamka kila siku? Trauti huku hamna na hata ukimleta hakai, yule anataka maji ya digrii kumi na kitu, kwa nchi yetu utamkuta kwenye mito ya milimani kule kwenye baridi alikopandikizwa enzi za mkoloni, wakati Tanganyika maji ya juu yanacheza digrii 25 na zaidi karibu mwaka mzima. Ila sisi tuna mgebuka. Basi mradi ukawa hivi: navua mwenyewe kwa mshipi na ndoano, wavu hapana, nachukua wa kututosha watu 5 nyumbani na hatutupi kitu.

Wiki ya 1 na ya 2 zilikuwa aibu tupu. Nilikaa kwenye mawe upande wa Katonga na kopo la minyoo, nikawa natoa visamaki vya urefu wa kidole, vizuri kweli, vina michirizi ya bluu na njano, vile ambavyo watu wa nje wanavifuga kwenye vioo sebuleni. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za jamii hiyo na nyingi hazipo popote pengine duniani, sasa mimi nikaange kitu kama hicho kweli? Nikawa narudisha. Kuna mzee jirani yetu, mvuvi wa zamani, sisi tunamwita Babu tu, alinipita pale akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia shikamoo Babu, akasema marahaba mjukuu, sasa unamngoja nani hapo? Mgebuka hana nyumba kwenye mawe, mgebuka ni msafiri, anafuata dagaa, mfuate na wewe.

Wiki ya 3 akanichukua kwenye mtumbwi wake. Kwa wasiojua, dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika kwa sababu taa zao hazivuti tena. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola, ukiwa Kibirizi usiku unaona ziwa lote lina mji mwingine huko ndani. Dagaa wanajaa kwenye mwanga na mgebuka anakuja kuwala. Sisi tukawa tunakaa pembeni, mbali kidogo na taa za watu ili tusiwaharibie, tukateremsha mishipi.

Mshipi wenyewe nieleze maana nimeulizwa na wengi. Nailoni imezungushwa kwenye kipande cha mti, mwishoni ndoano 4 zimepishana kama urefu wa mkono, kila ndoano nimeifunga nyuzi za kiroba cheupe nilizozichambua mpaka zikawa laini zinang'aa kama dagaa, hakuna chambo kingine. Chubwi ni plagi mbovu ya pikipiki, fundi ananipa bure. Unashusha pima 15 hivi, afu unavuta juu mkono mmoja, unaachia, unavuta, unaachia. Kwenda chini zaidi haisaidii, hili ziwa lina kina cha kama mita 1,470 pale penye shimo kubwa lakini upande wetu wa kaskazini ukipita mita 100 na kitu hewa inakata, samaki hawakai huko. Saa nzima hamna kitu, mkono umekufa ganzi, mara uzi ukawa mwepesi ghafla kama umekatika. Nikamwambia Babu chubwi imetoka, akanijibu vuta mjinga wewe, kapanda nayo! Kumbe mgebuka akishadaka anaweza kukimbilia juu, uzi unalegea. Nilivuta nikapata wawili kwa mpigo, wembamba, warefu kama mkono mpaka kiwiko, fedha tupu chini ya taa. Usiku ule 6.

Nyumbani nikajifanya fundi nikawapasua mwenyewe, nikatoboa nyongo ya mmoja, supu ikawa chungu kama mwarobaini. Mama watoto hakusema kitu, aliniangalia tu. Tangu hapo yeye anapasua mimi napika, na upishi tuliokubaliana ni huu: mgebuka anachanjwa mbavuni, chumvi na ndimu, anabanikwa mpaka ngozi ikauke, pembeni mawese yanapata moto (yasifuke moshi, yakifuka umeharibu), kitunguu, nyanya, nyanya chungu 3, pilipili moja nzima bila kuipasua, afu samaki anaingia humo dakika 10 tu. Ugali wa muhogo. Vichwa vinabaki kwa supu ya asubuhi, utumbo unaenda kwa bata.

Sasa wiki ya 5, hii ndo bado inaleta kelele nyumbani. Tulichelewa kurudi, kumekucha, tukapita karibu na ufukwe penye mchanga na mawe, nikateremsha mshipi kwa kujaribu bahati. Likakamata likuhe, kilo 2 na zaidi, wanaomjua kuhe wanajua utamu wake. Nimeshaliweka mapajani nasikia Babu anasema angalia chini. Maji pale yalikuwa maangavu, kuna wingu la vidogo vidogo kama vumbi linatembea, na pembeni yake kuhe mwingine anazunguka, hakimbii mtumbwi. Babu akasema huyo uliyembeba ni mzazi mwenzie, wanalinda wawili, ukimtoa mmoja hao watoto wanaliwa kabla hujafika mwaloni. Na kuhe anazaa mara moja tu katika maisha yake, akimaliza kulea naye anaondoka. Nilikaa nalo kama dakika nzima nalitazama macho. Nikarudisha. Na huyu ni Babu yuleyule ambaye mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani, Mei 15 mpaka Agosti 15, alilalamika kuliko mtaa mzima, leo ananihubiria.

Kufika nyumbani na migebuka 3 nikaeleza habari ya kuhe. "Baba nanii, umemrudisha kuhe?" Mara tatu mama watoto aliuliza. Kwa shemeji walipigiwa simu siku ileile.

Wiki ya 6 mbalamwezi, sikwenda popote, tulikula dagaa wa kununua. Nikawa nawaza kuhusu mkaa. Najisifu sitoi samaki hovyo huku nachoma mkaa wa miti ambayo sijui imekatwa wapi, hapo ni kujidanganya bana. Kuna mama anakamua mawese huku mtaani, maganda ya mbegu za chikichi anayarundika tu nyuma, nikaomba ndoo mbili. Moto wake si wa mchezo! Mgebuka wa kwanza aliungua upande mmoja ndani bado mbichi. Dawa niliyopata ni kuyaacha yawake mpaka moshi uishe na yawe mekundu, ndo unaweka wavu, na wavu uwe juu kidogo kuliko ulivyozoea kwenye mkaa. Harufu yake nzuri kuliko ya mkaa, hilo hata mama watoto kakubali, na siku hizi hakubali kirahisi.

Hesabu mpaka leo: usiku 5 ziwani, migebuka 31, tuliokula 27, wanne nilimpa Babu na hakutaka hela ya mtumbwi. Ndoano 9 zimepotea, moja niliitoa kwenye kidole gumba changu kwa koleo, sitaki kuizungumzia.

Giza linaanza Alhamisi. Plagi nimepata mbili, maganda yapo kwenye ndoo yamefunikwa. Mama watoto kasema nikikamata kuhe tena nisimrudishe mpaka nimpigie simu ya video awaone hao watoto kwa macho yake.