Nani Aliyepeleka Chakula?

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni 1 Wafalme 18:1–16. Naomba kila mmoja wetu alisome kabla ya kuendelea, kwa maana ni sura tuliyozoea kuipita mbio ili tufike Mlima Karmeli, penye moto ulioshuka kutoka mbinguni, na katika haraka hiyo Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, tunamwacha njiani kana kwamba hakuwepo. Mimi nimemwacha hivyo kwa miaka mingi. Aliyenirudisha kwake ni msichana wa miaka 13 katika kundi letu la vijana, naye alifanya hivyo bila kujua, akizungumza habari ya kitabu alichosoma shuleni.

Ninyi mnaoabudu pamoja nasi hapa Marekani katika ibada ya Kiswahili ya saa nane mchana mnajua kwamba wengi wa vijana wetu ni watoto wa familia zilizotoka mashariki ya Kongo, na baadhi yao walizaliwa kambini, Tanzania, Uganda au Burundi. Mwaka huu wale wa darasa la nane wamesoma shajara ya Anne Frank, na mwalimu wao akawapa kazi ya kumwandikia barua mtu yeyote anayetajwa ndani yake. Walikuja na madaftari yao kwenye kipindi cha vijana, nami nikawaomba wasome walichoandika, wakitafsiri wao wenyewe kwa Kiswahili ili wazazi waliokuwa wamekaa nyuma wasikie.

Kwa wazazi ambao hawakupata kuisoma, habari yenyewe ni hii. Anne alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929, katika familia ya Kiyahudi iliyohamia Amsterdam, Uholanzi, baada ya Wanazi, chama cha Hitler kilichowachukia Wayahudi, kushika madaraka mwaka 1933. Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yakaiteka Uholanzi, na Wayahudi wakaanza kunyang'anywa maisha yao kidogo kidogo: leo kazi, kesho shule, kesho kutwa baiskeli na ruhusa ya kupanda tramu. Siku alipotimiza miaka 13 Anne alipewa daftari lenye jalada la miraba myekundu na myeupe, ambalo ndilo alilolifanya shajara. Haukupita mwezi, dada yake Margot, aliyekuwa na miaka 16, akaletewa barua ya kumwita aende kufanya kazi Ujerumani, na kesho yake, tarehe 6 Julai 1942, familia nzima ikaingia mafichoni katika vyumba vya nyuma vya jengo la ofisi ya baba yao, Prinsengracht 263. Hatimaye wakawa watu 8 humo ndani, mlango wao ukifunikwa na kabati la vitabu. Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Anne na Margot walikufa mapema mwaka 1945 katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, kwa homa inayoenezwa na chawa, kabla ya askari wa Uingereza kuifikia kambi hiyo tarehe 15 Aprili. Kati ya wale wanane alirudi mmoja tu, Otto Frank, baba yao.

Vijana wengi walikuwa wamemwandikia Anne mwenyewe. Msichana ninayemsema alimwandikia Miep Gies, karani wa ofisi ile, na barua yake ilikuwa fupi, imeandikwa kwa penseli, yenye maswali matupu. Mifuko ilikuwa mizito kiasi gani? Uliwaambia nini wauza mboga walipoona unanunua vingi? Ulipochoka ulimwambia nani? Nilipomuuliza kwa nini alimchagua huyo, alinitazama kana kwamba jibu lilikuwa wazi, akasema: “Mwalimu, watu wanane wanakula kila siku. Nilikuwa nasoma huku najiuliza nani anapeleka chakula.” Yeye ni mtoto wa kwanza katika nyumba ya watu 9, na kila Jumamosi hupanda basi pamoja na mama yake kwenda kununua unga, mchele na mafuta, wakirudi na mifuko inayoacha alama nyekundu viganjani. Jambo ambalo sisi wengine tulilisoma bila kulitambua, mikono yake ililitambua.

Usiku huo ndipo nilipofungua tena habari ya Obadia. Yezebeli, mke wa Ahabu, alipokuwa akiwaua manabii wa Bwana, Obadia aliwachukua manabii 100, akawaficha hamsini hamsini pangoni, akawalisha na kuwapa maji. Biblia inalisema jambo hilo kwa mstari mmoja, kisha inalirudia kwa kinywa chake mwenyewe anapozungumza na Eliya. Lakini tazameni ni wakati gani. Mvua ilikuwa haijanyesha, na njaa ilikuwa kali katika Samaria. Mfalme mwenyewe alikuwa akizunguka nchini kutafuta majani ili farasi na nyumbu wake wasife. Katika nchi hiyo, ambako maji yalikuwa adimu hata kwa mifugo ya mfalme, mtu mmoja mwenye cheo katika nyumba ya Ahabu alikuwa akipata chakula na maji ya watu 100, kila siku, bila mwenye nyumba kujua. Kuficha ni tendo la usiku mmoja. Kulisha ni kila asubuhi, na kila asubuhi ni nafasi mpya ya kugunduliwa.

Ndivyo ilivyokuwa Amsterdam. Chakula kilitolewa kwa kadi za mgawo, na mtu aliyejificha hana jina la kuombea kadi, kwa hiyo kadi zilipatikana kwa njia za siri, kwa msaada wa Jan Gies, mume wa Miep. Miep alitafuta mboga na nyama, Bep Voskuijl, mfanyakazi mwenzake, akashughulika na maziwa, na Johannes Kleiman, wa ofisi ileile, alikuwa na rafiki mwenye kiwanda cha mikate. Victor Kugler, naye wa ofisi hiyo, aliendesha biashara huku akibeba siri ileile. Mchana, wafanyakazi wa ghalani wakiwa chini, wale wa juu hawakuthubutu kufungua maji wala kutembea kwa viatu. Anne anamfananisha Miep na punda wa mizigo kwa jinsi alivyokuwa akipanda na kushuka na vitu mikononi. Muuza mboga aliyekuwa akiwauzia alikamatwa Mei 1944 kwa sababu alikuwa ameficha Wayahudi wawili nyumbani kwake. Kugler na Kleiman walichukuliwa siku ileile walipochukuliwa wale wanane.

Liko jambo katika maisha ya Miep ambalo vijana wetu hawakulijua, nami nilipowaambia walinyamaza kimya. Hakuwa mzaliwa wa Uholanzi. Alizaliwa Vienna mwaka 1909, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mmoja wa watoto waliodhoofika kwa njaa ambao walipelekwa Uholanzi wakalishwe na familia za watu wasiowajua. Alifika Leiden mwaka 1920 akiwa na miaka 11, na familia iliyompokea ikamfanya mtoto wao. Mtoto mgeni, asiyejua lugha, aliwekewa sahani mezani. Na alipokuwa mtu mzima aliwawekea wengine. Sisemi kwamba kila aliyelishwa hulisha, kwa maana sote tunawajua walioshiba wakasahau. Nasema tu kwamba huyu hakusahau.

Siku ya kukamatwa, karatasi za Anne zilibaki zimetapakaa sakafuni. Miep na Bep waliziokota, na Miep akaziweka katika droo ya meza yake ofisini bila kuzisoma, akinuia kumrudishia mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba kama angezisoma angelazimika kuzichoma, kwa kuwa zilikuwa na majina ya watu waliosaidia. Mwaka 1945, habari ya kifo cha Anne ilipofika, alizichukua akampa Otto.

Ndipo kijana mmoja akauliza swali ambalo nimelibeba juma zima. Alisema: “Manabii wa Obadia walipona. Hawa walikamatwa wote. Basi chakula kile kilikuwa na faida gani?” Wazazi waliokuwa nyuma waliinua vichwa, nami sikuwa na jibu la haraka, wala sikulitafuta. Katika ukuta wa mafichoni pale Amsterdam kuna mistari midogo ya penseli, iliyochorwa na wazazi ili kupima urefu wa mabinti zao, kama wengi wetu tunavyofanya kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Mistari hiyo inaonyesha kwamba Anne aliongezeka zaidi ya sentimita 13 wakati wa kujificha. Nilimwambia yule kijana anyooshe kiganja chake, kwa maana kiganja cha mtu wa umri wake hakipiti sana kipimo hicho. Mboga na mikate na maharage yaliyopandishwa kwa siri yalikuwa yamegeuka kuwa mwili wa msichana anayekua, naye katika mwili huo alisoma, aligombana na mama yake, alipenda, aliandika. Miaka miwili na takribani mwezi mmoja. Mbele za Mungu aliyehesabu nywele za vichwa vyetu, siwezi kuamini kwamba sentimita hizo ni hasara kwa kuwa wauaji walifika.

Kijana hakuridhika, akauliza Mungu alikuwa wapi, na sikumzuia. Tulifungua Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo mstari wa mwisho wa kusifu kama zaburi nyingine za maombolezo. Tuliisoma yote kwa sauti, zamu kwa zamu. Anne aliomba kwa imani ya baba zake, kama Myahudi, na wala tusijaribu kumgeuza kuwa mmoja wetu ili tupate faraja. Zaburi hiyo ilikuwa ya watu wake kabla haijawa yetu. Shajara inaishia tarehe 1 Agosti 1944 katikati ya mawazo yake, na hatuna ruhusa ya kummalizia.

Hapa lazima niseme neno kwetu sisi watu wazima. Mzee mmoja, ambaye namheshimu, alisimama akauliza kama mateso yale hayakuwa adhabu ya Mungu kwa Wayahudi kwa kumkataa Kristo. Nilimjibu kwa adabu, lakini mbele ya wote, kwa sababu watoto walikuwa wanasikiliza. Fundisho hilo lilihubiriwa Ulaya kwa karne nyingi katika makanisa, na lilisaidia kuandaa mioyo ya watu kutazama pembeni majirani wao walipochukuliwa. Karibu Wayahudi milioni 6 waliuawa, miongoni mwao watoto wapatao milioni moja na nusu, na wengi wa waliowaua, waliowaandikisha na waliowapakia katika treni walikuwa wamebatizwa. Mtume Paulo katika Warumi 11 anasema wazi kwamba Mungu hakuwasukumia mbali watu wake. Tusiwafundishe watoto wetu kinyume cha hayo, wala kwa mzaha, wala kwa kunong'ona. Mzee alikaa, na baada ya ibada alikuja kunishika mkono.

Tulipokuwa tukikunja viti, mama wa yule kijana aliyeuliza habari ya faida alibaki jikoni mwa kanisa akiosha vikombe. Mwanawe alimfuata, nami nilikuwa karibu, nikipanga sinia. Akamuuliza kwa sauti ndogo: “Mama, tulipokuwa porini, sisi nani alituletea chakula?” Mama hakugeuka mara moja. Kijana yule alikuwa na miaka miwili walipokimbia. Mama amewahi kutusimulia jinsi alivyomziba mdomo kwa kiganja ili kilio chake kisisikike, lakini hakuwahi kuendelea zaidi ya hapo. Safari hii aliendelea. Alisema kulikuwa na mwanamke wa kijiji cha karibu ambaye siku nne mfululizo alikuja kabla ya mapambazuko na mihogo iliyochemshwa, imefungwa katika jani la mgomba, akaiacha chini ya mti na kuondoka bila kusema neno. Siku ya tano hakuja. Hawakujua kama alikatazwa, au alikimbia, au aliuawa.

“Jina lake nani?” kijana akauliza.

Mama alisema hakuwahi kulijua. Alifuta mikono yake kwa khanga, akamwita mwanawe asogee, wakasimama wote wawili penye sinki, na mimi nikiwa nao, tukamwombea mwanamke yule tukimwita tu “yule mama wa mihogo”.